Kirusi kikibadilika, vidonge vinabaki na kazi gani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Mwandiga, Kigoma. Wakati wa korona tulisikia kuna vidonge vya kuua virusi, na kabla hata hatujaviona tukasikia kirusi kimeshabadilika. Mpox ilipoingia Kongo na Burundi, watu wa boti walikuja kuniulizia dawa yake. Mzee mmoja mteja wangu anasema dawa zote za virusi mwisho wake ni kama wa klorokwini, na kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyozalisha virusi vipya. Ni kweli? Na likija janga jingine, vidonge vitatusaidia sisi wa huku, au niweke akiba dukani mapema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mzee usimpuuze. Watu wa rika lake waliiona klorokwini ikiishiwa nguvu mbele ya macho yao. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha ikaja SP, na mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa ya mseto. Mtu aliyeuguza watoto miaka hiyo ana haki ya kuiuliza dawa yoyote mpya itadumu muda gani. Ila malaria ni kimelea, si kirusi, na hata virusi vyenyewe havifanani katika jambo hili. Nitaeleza kwa nini. Lakini nikuambie mapema kwamba kwa watu wa Kigoma kinachonitia hofu zaidi si usugu wa dawa. Ni siku ambayo mgonjwa anameza kidonge cha kwanza.

Kirusi hakipangi kubadilika. Kikiingia kwenye seli ya mtu huitumikisha imnakilie vinasaba vyake, na katika kunakili yanatokea makosa. Kirusi cha korona kina herufi za vinasaba zipatazo 30,000, na kimejaliwa hata kimeng'enya cha kukagua makosa hayo, ndiyo maana hubadilika polepole kuliko kirusi cha mafua au VVU. Hata hivyo ukoo mmoja wa kirusi hicho ulikuwa ukijikusanyia mabadiliko kama mawili kila mwezi. Mengi hayana maana yoyote, mengine hukidhuru kirusi chenyewe, na mara chache sana moja linakipa nafasi ya kuenea haraka au kuikwepa kinga. Bahati hiyo ya kirusi inategemea nakala ngapi zimetengenezwa na kwa muda gani. Mwishoni mwa 2020 dunia ilikuwa na wagonjwa wengi mno, na kirusi kikapata bahati yake mara kadhaa: Alpha Uingereza, Beta Afrika Kusini, Gamma Brazili, Delta India. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini wakatangaza Omicron, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya miiba peke yake. Walitangaza haraka na kwa uaminifu, na dunia ikawalipa kwa kufunga ndege za kusini mwa Afrika. Ulikuwa uonevu, na ulizifundisha nchi nyingine somo baya, kwamba anayesema ukweli mapema ndiye anayeadhibiwa.

Aina mpya ikitokea, kila mtu huuliza kama inaua zaidi. Mimi huuliza kwanza inaenea kwa kasi gani. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuna wagonjwa 100, kila mmoja anaambukiza wastani wa watu 1.2, na katika kila wagonjwa 100 anakufa mmoja. Baada ya mizunguko sita ya maambukizi, ambayo kwa korona ni kama mwezi, mzunguko wa sita una wagonjwa karibu 300 na vifo 3. Sasa ije aina inayoua nusu zaidi lakini kasi ni ile ile: vifo vinakuwa 4 au 5. Ije badala yake aina isiyoua zaidi hata kidogo, ila inaenea nusu zaidi, yaani kila mgonjwa anaambukiza watu 1.8. Mzunguko wa sita utakuwa na wagonjwa 3,400 na vifo 34. Hapo sijaweka vitanda vilivyojaa wala mitungi ya oksijeni iliyokwisha, ambavyo huongeza vifo kwa njia yake.

Ndiyo maana Delta, iliyoenea karibu mara mbili ya kirusi cha mwanzo, iliitikisa dunia, na ndiyo maana neno "hafifu" walilopewa watu kuhusu Omicron liliumiza wengi. Ni kweli kwa mgonjwa mmoja mmoja Omicron ilikuwa na nafuu, kwa sehemu kwa sababu haikupenda sana kushuka kwenye mapafu na kwa sehemu kwa sababu watu wengi walishachanjwa au kuugua. Lakini Hong Kong, mwanzoni mwa 2022, wazee wengi hawakuwa wamechanjwa, na kwa wakati huo vifo vyake kwa kulinganisha na idadi ya watu vilikuwa juu kuliko popote duniani.

Sasa tuingize vidonge kwenye hesabu ile. Dawa ya Paxlovid, ambayo ni nirmatrelvir pamoja na ritonavir, ilijaribiwa kwa watu wasiochanjwa waliokuwa katika hatari kubwa. Walioianza ndani ya siku tatu tangu dalili walipunguziwa uwezekano wa kulazwa au kufa kwa asilimia 89. Tuseme basi inaokoa 9 katika kila 10. Kama wagonjwa wote 3,400 wangeipata kwa wakati, vifo 34 vingeshuka hadi 3 au 4. Kama ni mmoja tu katika kila kumi anayeipata kwa wakati, vifo vinabaki 31. Kirusi ni kile kile na dawa ni ile ile. Pengo lote hilo limeletwa na nani alifikiwa, na siku gani.

Mzee wako angeniuliza hapo: lakini si nilisikia aina mpya zilishinda dawa? Alisikia sawa, na tofauti ya dawa zilizoshindwa na zilizobaki inafaa kuelezwa vizuri. Kinga yetu, iwe ya chanjo au ya kuugua, hukitambua kirusi hasa kwa miiba yake ya nje. Kikibadili miiba, kinapita kinga ikiwa bado inajiuliza huyu ni nani. Fikiria boti za Kibirizi: mwenye boti anayemkwepa mdai wake atapaka rangi nyingine, ataandika jina jipya ubavuni na kufunga turubai jingine, na huenda asitambulike kabisa akiingia mwaloni. Injini lakini ni ile ile, na ukimnyima mafuta haendi Kalemie wala Uvira. Sindano za kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa kiwandani, zilikuwa zinashika rangi. Vidonge hushika injini.

Kati ya sindano hizo, bamlanivimab ilitangulia kupoteza nguvu. Kisha casirivimab na imdevimab, zilizotegemewa sana Marekani mwaka 2021, zikaangushwa na Omicron. Sotrovimab ikastahimili kidogo, lakini tawi la Omicron liitwalo BA.2 likaimaliza, na Aprili 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiondolea ruhusa. Januari 2023 ikawa zamu ya Evusheld. Wakati wote huo nirmatrelvir iliendelea kufanya kazi, kwa sababu yenyewe huziba kimeng'enya kinachokata mnyororo mrefu wa protini za kirusi kuwa vipande vyenye kazi. Remdesivir na molnupiravir nazo huingilia mashine ya kunakili vinasaba. Sehemu hizo za ndani hazisukumwi na kinga ya mwili kubadilika kama miiba inavyosukumwa.

Je, injini haibadiliki kamwe? Hubadilika, na hapa mzee ana ushahidi mwingi upande wake. Dawa za mafua za kundi la amantadine zilizidiwa na usugu kiasi kwamba Januari 2006 Marekani iliwaambia madaktari wake waache kuzitumia kwa mafua. AZT ilipotoka mwaka 1987 kama dawa pekee ya VVU, usugu ulionekana ndani ya muda mfupi, na nafuu ya kudumu ilikuja mwaka 1996 pale dawa tatu zilipounganishwa. Kile kidonge kimoja cha TLD wanachopewa wateja wa kliniki za VVU (CTC) za Maweni au Kasulu kina dawa tatu ndani yake kwa sababu hiyo hiyo: kirusi kikifanikiwa kuikwepa moja kinakutana na mbili nyingine. Na dolutegravir imo humo kwa sababu usugu dhidi ya dawa za awali, nevirapine na efavirenz, ulikuwa umepanda katika nchi nyingi.

Lakini VVU hukaa mwilini maisha yote na dawa yake humezwa maisha yote. Kirusi kina miaka ya kujaribu. Korona na mafua kwa mtu mwenye kinga nzuri huisha kwa siku chache, na dawa humezwa siku tano. Kirusi sugu kikizaliwa siku ya nne, hakina muda mrefu wa kujijenga na kumhamia mtu mwingine. Isitoshe, badiliko linaloikwepa dawa mara nyingi hukidhoofisha kirusi chenyewe katika kunakili, kikashindwa kushindana na wenzake. Ndiyo maana miaka kadhaa ya kutumia Paxlovid haijazaa aina sugu iliyotawala dunia. Usugu umeonekana, ila zaidi kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu wanaokaa na kirusi kwa miezi.

Kuna tukio moja ambalo daima huniondolea uhakika wa kupita kiasi. Januari 2008 Norway iligundua kwamba kirusi cha mafua ya msimu cha H1N1 kilikuwa sugu kwa oseltamivir, dawa ya mafua. Norway haikuwa nchi inayotumia sana dawa hiyo. Walioitumia kupita wote walikuwa Wajapani. Usugu huo haukuletwa na wingi wa vidonge: kirusi kilikuwa kimepata mabadiliko mengine yaliyofidia udhaifu, kikaenea duniani kwa nguvu zake chenyewe, na msimu uliofuata karibu H1N1 yote ya msimu ilikuwa sugu. Kisha mwaka 2009 likaja janga la mafua la H1N1 mpya, kirusi tofauti kisicho na usugu huo, kikakifutilia mbali kile sugu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tusitumie dawa ili kirusi kisizoee", mweleze kwamba kirusi hakisubiri ruhusa yetu, na mgonjwa anayekufa leo hatanufaika na dawa tuliyomwekea akiba.

Sasa lile la vidonge kuzalisha virusi vipya. Halikutoka hewani. Molnupiravir hufanya kazi kwa kukikosesha kirusi makusudi: huingia kwenye nakala za vinasaba na kusababisha makosa mengi hadi kirusi kinashindwa kuishi. Swali ni je, vipi kile kitakachopona kikiwa na makosa mengi lakini bado kizima? Mwaka 2023 watafiti waliochambua mamilioni ya vinasaba vya korona walikuta alama za kazi ya dawa hiyo katika baadhi yake, hasa katika nchi zilizoitumia sana, na mara nyingine virusi vyenye alama hizo vilikuwa vimeambukizana katika vikundi vidogo. Kwa hiyo wasiwasi una msingi, na mimi mwenyewe nisingependa dawa hiyo iuzwe kiholela. Haipewi mjamzito pia. Ila Alpha, Beta, Gamma, Delta na Omicron zote zilizaliwa kabla vidonge hivi havijaanza kugawiwa kwa wananchi mahali popote. Ruhusa ya kwanza ya molnupiravir ilitoka Uingereza tarehe 4 Novemba 2021.

Zilizaliwa wapi basi? Dhana yenye nguvu kwa baadhi yake ni mwilini mwa watu ambao kinga yao ilishindwa kukimaliza kirusi. Afrika Kusini walieleza habari za mwanamke mwenye VVU iliyofikia hatua ya juu, ambaye dawa zake hazikuwa zikiifubaza. Alikaa na korona zaidi ya miezi sita, siku 216, na kirusi kilichokuwa ndani yake kikaendelea kujikusanyia mabadiliko, mengine yakifanana na yale ya aina hatari. Alipobadilishiwa ARV na VVU ikafubazwa, mwili wake ukaiondoa korona. Hilo limeonekana pia kwa wagonjwa wa saratani na waliopandikizwa viungo, kwa hiyo ninakusihi lisije likageuzwa fimbo ya kuwachapia wenye VVU. Anayemeza dawa zake vizuri na kirusi kimefubaa anapambana na korona kama mtu mwingine.

Ninalichukua kwa uzito jambo hilo kwa sababu ya Kigoma. Mvuvi anahama kambi kufuata dagaa, mkimbizi wa Nyarugusu anarejea Burundi, mfanyabiashara anakaa wiki kadhaa ng'ambo, na chupa ya ARV inaisha akiwa mbali na kliniki yake. Mtu akiniuliza ni dawa gani ya virusi inayoweza kupunguza nafasi ya aina mpya kuzaliwa kwenye mwambao wa Tanganyika, sitataja Paxlovid. Nitataja TLD inayomezwa kila siku bila kukatika, na mhudumu wa CTC anayekubali kumpa mvuvi dozi ya miezi mingi kabla hajapanda boti.

Tuje kwenye siku. Kigoma na Tabora zimo kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na hapo ndipo vidonge vya virusi vinapopoteza vita kabla havijafika. Fuatilia mgonjwa wa kawaida, mzee wa miaka 65 mwenye kisukari, wimbi la korona likiwa juu. Siku ya kwanza homa na kuumwa mwili, anameza panadoli. Siku ya pili hajambo kidogo, anaenda shamba. Siku ya tatu anakuja kwako, unampima malaria kwa kipimo cha haraka, kinasoma chanya, kwa sababu huku mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila hata kuumwa navyo. Unampa mseto, na mseto ni siku tatu. Wewe hujakosea, malaria ipo na lazima itibiwe. Anamaliza dozi siku ya sita, kikohozi kimezidi, pumzi inakata, anapelekwa hospitali ya Maweni. Vidonge vya virusi vinatakiwa kuanzwa ndani ya siku tano tangu dalili ya kwanza. Siku zake zimeliwa na panadoli na mseto.

Kwa nini tano? Kwa sababu katika siku za mwanzo ugonjwa ni kirusi kinachojinakili, na hapo dawa ya kuzuia kunakili ina cha kuzuia. Baada ya wiki, kwa wengi wanaozidiwa, kinachoharibu mapafu ni hasira ya kinga ya mwili yenyewe, na kirusi kimeshapungua. Hapo dawa inayofaa ni tofauti kabisa. Majaribio ya RECOVERY ya Uingereza yalionyesha Juni 2020 kwamba deksamethasone, dawa ya bei ndogo unayoijua, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida, na kulikuwa na dalili kwamba huenda inadhuru. Nilisikitika sana kuona ikiuzwa kwa vidonge viwili vitatu kwa mtu mwenye mafua ya siku moja, yaani kumpunguzia kinga saa ile ile anayoihitaji.

Ukibahatika siku moja kuliona kasha la Paxlovid, utaona kila kadi ya siku imegawanywa pande mbili, asubuhi na jioni. Kila upande una vidonge viwili vya waridi na kimoja cheupe. Vile vya waridi ndiyo dawa yenyewe ya korona. Kile cheupe ni ritonavir, ambayo watu wa CTC wanaifahamu kutoka kwenye dawa za mstari wa pili, na kazi yake hapa ni kulifunga ini mikono lisiivunje nirmatrelvir haraka. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini, ini lake limechochewa kuvunja dawa kwa kasi kubwa mno, na nirmatrelvir haitafika kiwango cha kutibu. Haitakiwi kupewa, hata kama rifampisini imeachwa siku chache tu zilizopita. Ni hivyo hivyo kwa anayetumia karbamazepini, fenitoini au fenobabito kwa kifafa. Upande mwingine, dawa kama amlodipini na simvastatini zinaweza kupanda kupita kiasi kwenye damu, na mseto nao hupitia njia hiyo hiyo ya ini. Kwa hiyo kidonge hiki si cha kukabidhiana dirishani.

Uchelewaji wa mgonjwa mmoja hurudiwa na nchi nzima. Oktoba na Novemba 2021 watengenezaji wa dawa zote mbili waliingia mikataba na Medicines Patent Pool, shirika linaloombea wengine ruhusa ya kutengeneza dawa zenye hataza, ili nakala za bei nafuu ziruhusiwe katika nchi 105 kwa molnupiravir na 95 kwa Paxlovid. Marekani ilikuwa ikilipa kama dola 530 kwa dozi moja ya Paxlovid. Mei 2022 makubaliano yakatangazwa ya nakala zisizozidi dola 25. Lakini hadi nakala ya kwanza ya Paxlovid ithibitishwe na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 ulikuwa unakatika, na wimbi kubwa la Omicron lilishapita zamani. Bei ilishuka kweli. Siku ndizo zilizokwisha.

Usitegemee pia kwamba vidonge vitasimamisha maambukizi. Paxlovid ilijaribiwa kwa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, kuona kama itawazuia wasiambukizwe, na tofauti haikutosha kuaminika. Kwa watu wasio na hatari kubwa, au waliokwisha kuchanjwa, faida ya kuzuia kulazwa nayo haikuonekana wazi. Molnupiravir nayo, katika majaribio makubwa ya Uingereza ambako karibu wote walikuwa wamechanjwa, iliharakisha kupona bila kupunguza kulazwa wala vifo. Faida kubwa imekaa kwa mzee, mwenye kisukari, mwenye kinga iliyodhoofika, na asiyechanjwa. Dawa ikiwa chache, wao wapewe kwanza, na mheshimiwa kijana mwenye afya asubiri.

Mpox, uliyoulizwa na watu wa boti, ni kirusi cha tabia nyingine. Kina vinasaba vya DNA vyenye herufi karibu 200,000 na hubadilika taratibu. Hata hivyo tawi jipya, Ib, liligundulika Kamituga, mji wa machimbo wa Kivu Kusini, kutokana na mlipuko ulioanza kuonekana Septemba 2023, likiwa na alama za kuambukizwa kutoka mtu kwa mtu. Kati ya Julai na Agosti 2024 lilikuwa limefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya dunia, na Machi 2025 Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Siku moja tu baada ya tangazo lile la dunia, yalitolewa matokeo ya majaribio ya tecovirimat yaliyofanyika Kongo yenyewe, Tunda na Kole, kwa wagonjwa 597. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini sikiliza hili: waliofariki ndani ya majaribio walikuwa asilimia 1.7, wawe wamepewa dawa au kidonge tupu, wakati kwa Kongo kwa jumla vifo vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Walilazwa, walipewa maji, vidonda vilisafishwa, malaria na maambukizi mengine yalitibiwa. Uuguzi mzuri ulifanya kile ambacho dawa ya virusi haikuweza. Kwa hiyo watu wa boti wakiuliza dawa ya mpox, waambie ukweli kwamba hakuna kidonge cha kuwauzia, na kwamba mwenye vipele na homa ana kila sababu ya kuwahi kituo cha afya badala ya kujificha.

Kuhusu akiba, usiweke. Vidonge hivi ni vya cheti cha daktari, havimo kwenye orodha ya duka la dawa muhimu, na kirusi cha janga lijalo huenda kisiwe korona kabisa, ukabaki na makasha yaliyoisha muda. Kinachoingia kwa magendo kutoka ng'ambo bila usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa nchini, huwezi kujua ndani yake kuna nini. Akiba unayoweza kuweka ni ya taarifa. Kwenye daftari lako la wateja ongeza safu moja: dalili ilianza siku gani. Usimuulize mtu "unaumwa tangu lini", maana atakujibu "juzijuzi". Muulize kama ilianza kabla au baada ya soko la Jumapili, kabla au baada ya msiba fulani, hadi mpate tarehe. Ikisikika kuna mlipuko, mwenye homa apewe mseto kama kipimo kinasema malaria, lakini kama ni mzee, ana kisukari, presha au ujauzito, usimwache amalize siku tatu kwanza. Mpe rufaa siku hiyo hiyo akiwa na dozi yake mkononi, na tarehe ya dalili imeandikwa kwenye karatasi, ili daktari asianze kuitafuta upya.

Azithromaisini usiitoe kwa ajili ya virusi. Ilijaribiwa kwa korona ikaonekana haina faida, na kila dozi isiyo na sababu inatuharibia antibayotiki tunayoihitaji kwa magonjwa mengine. Ukipata mgonjwa unayemshuku, mpigie mfamasia wa wilaya au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kama anameza dawa za kifua kikuu au za kifafa, litaje hilo kabla ya jambo jingine lolote.